Nilipomwigiza Baba Mbele Yake

Mwezi uliopita nilikabidhi funguo za stoo ya utamaduni, na nyie vijana mliobaki ofisini mkanidai maandishi. Mlisema niandike uzoefu. Uzoefu wenyewe ni mwingi, na sehemu kubwa yake ni kusubiri lori. Habari za vyeo na mishahara mtazikuta kwenye faili, na humo hamna cha kuchekesha, labda ile picha yangu ya kwanza. Mimi nitawaandikia zaidi kuhusu kazi moja, ule mchezo wa mtu mmoja. Mmeniuliza mara nyingi kwa nini niliuzungusha karibu kila kata ya wilaya ya zamani, lakini Kasansa, kwetu nilikozaliwa, niliucheza mara moja tu na sikuumaliza.

Nilifika Mpanda mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikashuka kwenye treni ya kutoka Kaliua na sanduku la bati na cheti cha chuo cha sanaa. Wakati huo Katavi haijawa mkoa. Mpanda ilikuwa wilaya ndani ya Rukwa, wilaya kubwa ajabu, na ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja chenye meza mbili. Aliyekuwa mkuu wangu ni Bi Felista, mama mfupi, mkimya, anayevaa raba hata siku za sherehe. Siku ya kwanza hakunipa fomu wala kalamu. Alinipeleka stoo, akanionyesha ngoma sita, akaniambia nizipige moja moja nimwambie ipi imepasuka.

Nilizipiga zote. Zote zililia vizuri. Lakini nilikuwa na cheti, na mtu mwenye cheti ataachaje kuona kasoro? Nikamwambia zimepasuka mbili, hii na ile.

"Hakuna iliyopasuka," alisema. "Nilitaka nione kama utasema usilolijua. Haya, karibu kazini."

Mengi niliyoyafanya baadaye alinifundisha yeye. Ukienda kijijini kuigiza, fika siku moja kabla. Kaa kwenye mashine ya kusaga, kaa kisimani, kaa kilabuni hata kama hunywi. Jua watu wa hapo wanacheka nini wao kwa wao kabla hujaja na vichekesho vyako. Jukwaa liwekwe jua likiwa nyuma ya watazamaji, siyo nyuma yako, maana mtu anayekunja uso kwa jua hacheki. Kipaza sauti cha betri usikitumie ila kuita watu; ukishaanza kuigiza nacho, unakuwa tangazo la chanjo. Na daftari usilitoe mbele za watu.

Hilo la daftari sikulishika. Nilikuwa na hamu mno ya kujua mambo. Nilitaka kujua kwa nini Mkonongo wa Inyonga akisimulia habari ya nyuki anashusha sauti, kwa nini wavuvi wa Karema wanatembea kama ardhi nayo inayumba, kwa nini kina mama fulani wakicheka wanajipiga paja na wengine wanampiga jirani. Kila nilichokiona nilikiandika papo hapo, mwenyewe akiwa ananitazama. Bi Felista alinionya mara mbili tatu, halafu akaacha. Ndivyo alivyokuwa: akishakuonya, anakuacha ukajionee.

Kikundi chetu kilikuwa na wachezaji sita. Kikapukutika. Wawili waliolewa mbali, mmoja akafuata machimbo ya dhahabu, wengine wakahamishwa. Nikabaki mimi na ngoma zangu sita zisizopasuka. Nikamwambia Bi Felista kwamba kazi ya jukwaa imekufa.

"Cheza peke yako," alisema.

"Peke yangu nitacheza nini?"

"Huna ndugu wewe? Waweke humo."

Hivyo ndivyo mchezo ulivyozaliwa. Niliuita Watu wa Kwetu. Nilikwenda Kasansa likizo mbili mfululizo, nikaketi uani kwa baba yangu, Mzee Gaspari, mkulima wa mpunga, na dada yake, shangazi Skola, ambaye ndiye aliyenilea. Niliandika kila kitu. Shangazi alikuwa na tabia ya kusali rozari huku akiendesha nyumba nzima. Salamu Maria, umejaa neema, wewe Kris huoni kuku kwenye mpunga, Bwana yu nawe. Kris ndiye mimi, na sikuongeza hata neno. Baba naye, ukimuuliza jambo lolote, hata ukimuuliza tu kama amekula, alikuwa anavua kofia kwanza, anaitazama ndani kwa makini, kisha anaivaa na kukujibu. Na alikuwa na ugomvi wa miaka na jirani yetu Masanja, Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake, ambao walipenda mpunga wetu kuliko nyasi. Baba aligomba kwa Kipimbwe, lugha yetu, Masanja akajibu kwa Kisukuma, na wote wawili Kiswahili walikijua vizuri sana. Kila mmoja aliona kwamba atakayeanza Kiswahili ndiye aliyeshindwa.

Mchezo wa mtu mmoja unahitaji kitu cha kuonyesha kwamba sasa umekuwa mtu mwingine. Kwa shangazi nilitumia kanga, kwa Masanja fimbo. Kwa baba nilitaka koti lake lenyewe, la kijivu, lenye kiraka cha kahawia kwenye kiwiko cha kushoto. Nilimwomba. Akavua kofia, akatazama ndani, akanipa. Alidhani Mpanda kuna baridi.

Tulianzia Inyonga msimu wa tumbaku, watu wametoka kwenye mabani ya kukaushia majani, nguo zinanuka moshi. Walimcheka shangazi mpaka nikalazimika kurudia rozari yote. Karema walimcheka baba, hasa pale paa linapovuja naye anahamisha kitanda kutoka kona hii kwenda ile, mpaka anaishia kulala mlangoni na mbuzi. Nilishangaa. Mchezo ni ule ule, mtu ni yule yule, lakini kicheko kinaangukia mahali tofauti. Katekista mmoja wa Karema alinifuata baadaye akaniambia, "Huyo mzee namfahamu." Nikamwambia hawezi kumfahamu, yuko Kasansa. Akakataa katakata. Alikuwa anamfahamu. Kila nilikokwenda nilikuta mtu anayemfahamu baba yangu, na nilijiona mchezaji hodari kuliko wote waliopata kukanyaga wilaya ile.

Mwaka wa pili tukapangiwa Kasansa. Tulikwenda na lori, mimi na Bi Felista, tukapita porini mle mwenye ndorobo. Njiani akaniuliza, "Baba yako anajua?"

"Anajua nakuja na mchezo."

"Anajua kwamba mchezo ni yeye?"

Nikamwambia nataka nimshtukize. Alinitazama, akafungua mdomo, ndorobo akamuuma shingoni, na habari ile ikaishia hapo.

Tulicheza saa kumi jioni mbele ya ghala la ushirika. Baba aliwekewa kiti mstari wa mbele, kofia kichwani, mikono juu ya magoti. Nilianza na shangazi. Watu walicheka mpaka wakashikana, na shangazi Skola mwenyewe alisimama akajionyesha kifuani kwa kidole, "Mimi huyo! Mimi huyo!" Nawaambia hili ili msije mkadhani watu wa kwetu hawajui utani. Kisha nikageuka, nikatoa koti kwenye sanduku, nikalivaa, nikaweka kofia, nikageuka tena na kupiga hatua tatu kama anavyotembea baba.

Wakanyamaza wote kwa pamoja. Mchezaji anajua aina nyingi za ukimya: wa kusikiliza, wa kuchoka, wa kungoja mvua iwafukuze. Huu sikuwahi kuusikia. Halafu mama mmoja wa nyuma akaweka mikono miwili kichwani, akaanza kulia. Hakulia kwa kuguswa na mchezo. Kilikuwa kile kilio chenyewe, cha kuita nyumba hadi nyumba. Wa pili akapokea, wa tatu akapokea. Wanaume wakavua kofia. Nami, mjinga wa kuhitimu, nikafikiri nimewashika. Nikavua kofia yangu nikaitazama ndani.

Baba alisimama. Aliondoka polepole katikati ya watu, wakampisha kwa woga. Bi Felista akapanda jukwaani, akanivua lile koti mabegani.

Kwa wasio wa huko, nieleze. Kwetu mtu akifa, siku ya tatu ya msiba mtani wa ukoo wake anavaa nguo za marehemu. Anatembea kama yeye, anakohoa kama yeye, anagomba kama yeye, na wafiwa wanacheka na kulia kwa pamoja. Ndivyo marehemu anavyoaga. Mtani ndiye anayefanya, kamwe siyo mtoto, na hafanyiwi mtu aliye hai. Na mimi nililijua hilo! Niliigiza kwa mara ya kwanza maishani nikiwaiga watani niliowaona misibani, kabla sijajua kama kuna chuo cha sanaa. Lakini nilikuwa nimevaa koti lile mara nyingi sana Inyonga na Karema, ambako lilikuwa nguo tu, na akili yangu ikaanza kuliona nguo tu. Wala usijiambie kwamba unapajua mahali kwa kuwa ulizaliwa hapo. Nilipafahamu zaidi Karema, kwa sababu kule niliuliza.

Nilipofika nyumbani baba alikuwa uani anamenya muhogo. Shikamoo yangu haikujibiwa. Na hapo ndipo mambo yalipozidi, maana kile kilio kilikuwa kimeshavuka mto. Watu wa vitongoji vya mbali, ambao hawakuja kwenye mchezo, wakaanza kufika. Mmoja na unga, mwingine na kuni, mama wawili na ndoo za maji vichwani, nyuso zimewashuka. Wakamkuta marehemu ana kisu na muhogo mkononi. Mzee mmoja, kwa kuwa maneno yalishakuwa mdomoni, akampa pole baba kwa kifo cha baba.

Baba akaipokea. Nikatamani ardhi inimeze. Kisha akamwambia shangazi, siyo mimi, "Mwambie aliyenizika achukue watu wake waende."

Shangazi Skola akanivuta pembeni. "Wamemlilia, Kris," alisema. "Mtu hana hata homa, wamemlilia. Unafikiri atalala? Usipoiondoa hii, baba yako hatakuita tena mwanawe. Namjua, ni kaka yangu."

"Inaondolewaje, shangazi?"

"Mimi nijue wapi? Hakuna aliyewahi kufanya upuuzi wa namna hii."

Asubuhi nilikwenda kwa Leodigari, mtani wa ukoo wetu, mzee wa rika la baba. Nilimkuta anatia mpini jembe. Nilidhani atanicheka. Alikuwa amekasirika.

"Umeniibia kazi," alisema. "Mimi huyu Gaspari namwangalia tangu tunavaa kaptula, ili siku yake ikifika nisimkosee. Wewe unakuja na kipaza sauti! Haya, ulimtembezaje? Nionyeshe."

Nikatembea mbele yake.

"Mguu siyo huo. Unaochelewa ni wa kulia. Na mabega yake hayaendi hivyo, aliyumbisha mabega zamani, akaacha. Wewe umemwigiza baba yako wa zamani."

Nilisahau hata shida iliyonileta, nikataka kumuuliza mabega aliyaacha lini. Mkono wangu ulishaanza kutafuta daftari. Leodigari akauona ule mkono, akautazama mpaka nikaurudisha.

"Aliyoyafanya mtoto siyo msiba," alisema. "Ni ujinga tu. Lakini lazima mtani aseme hivyo, watu wote wakisikia. Nipe nguo zako. Na hilo daftari."

Nikavua shati na suruali nikabaki na kaptula. Nikamuuliza, nikiwa nusu naogopa, kama akinivaa na mimi nitaliliwa.

"Wewe nani akulilie? Hukai hapa."

Alikuja uani kwetu kabla ya saa sita mchana, suruali yangu imemfika juu ya vifundo vya miguu. Wale wa unga na kuni bado walikuwepo, maana mtu akishabeba unga hapendi kurudi nao. Baba alikuwa kwenye kigoda, ametazama ukuta. Leodigari akaingia na mwendo wangu, na sijui aliutoa wapi, mwendo wa mtu anayewahi kikao. Akamwamkia baba shikamoo, na kabla ya kujibiwa akafungua daftari akaandika. Watu wakaanza kucheka. Baba akakohoa, kweli alikohoa, na Leodigari akaandika kikohozi. Akazunguka kuku, akaandika kuku. Akamwendea shangazi, akamwinamia usoni kama anayesoma kibao cha barabarani, akaandika. Kisha akakaa chini karibu na kigoda cha baba, akabadilisha sauti ikawa ya baba.

"Mwanangu, paa linavuja."

Akarudi kwenye sauti yangu. "Paa li-na-vu-ja," alisema huku anaandika, akafunga daftari, akasimama, akaaga, akaliwahi lori.

Watu walianguka. Baba naye alikuwa anacheka, amejishika mbavu, machozi yanamtoka, na nilifurahi kumwona anacheka. Lakini mimi niliona aibu, aibu ya kweli, kwa sababu maneno yale yalikuwemo katika daftari lile lile alilolishika. Baba aliniambia hivyo likizo ya kwanza. Niliandika. Nikakaa Mpanda nikayatengenezea kichekesho cha kitanda na mbuzi, na Karema wakanipigia makofi, na mvua ikaja mara mbili kwenye paa lile lile.

Leodigari akavua shati langu akalikunja. "Gaspari hajafa," aliwaambia watu, sasa kwa sauti yake. "Siku yake ikifika nitamvaa mimi, siyo huyu. Jana hapakuwa na msiba. Nendeni na unga wenu."

"Unga uacheni," alisema shangazi Skola.

Lori lilipiga honi ghalani. Bi Felista alikuwa amekuja kunichukua. Alisimama mlangoni, akanitazama, akamtazama baba, akasema atawaambia ofisini nimepata dharura ya kifamilia. Akaondoka na ngoma na kipaza sauti.

Koti nilimrudishia baba kwa mikono miwili. Alilipokea akaliweka magotini. Akavua kofia, akatazama ndani, akaivaa.

"Jana nilipoondoka," alisema, "mchezo ulikuwa bado. Mimi humo nilikuwa naenda kufanya nini?"

Nikamwambia. Nilimsimulia mchezo wote kwa mdomo tu, nimekaa, mikono yangu imetulia. Alisikiliza kama anayesikiliza habari za mtu wa mbali. Ya Masanja yalimfurahisha, ila alisema ng'ombe walikuwa wengi zaidi. Ya kitanda na mbuzi hakucheka. Nilipomaliza akauliza, "Na mama yako yuko wapi humo?"

Mama alifariki mimi sijaanza hata kutembea. Ule mchezo uliitwa Watu wa Kwetu, niliucheza mara nyingi nisizozikumbuka, na sikuwahi kuona kwamba hayumo.

"Simjui, baba," nilisema.

"Si ungeuliza."

Kesho yake tulianza kuezeka. Ilikuwa kiangazi, nyasi ndefu zilikuwepo tele kando ya mto. Mimi nilipanda juu, baba akabaki chini ananirushia mafungu. Nilipokuwa nimeshika kamba kwa mkono mmoja na nyasi kwa mwingine, akaanza kunisimulia habari za mama. Alinieleza alivyotembea, alivyomjibu siku alipokwenda kwao kumchumbia, alichokifanya siku niliyozaliwa, na neno la mwisho alilomwambia. Alikuwa anasema na kurusha nyasi, anasema na kurusha. Nilikuwa na maswali mengi kuliko siku yoyote ya kazi yangu, na niliyauliza yote, na yote alinijibu bila kugusa kofia.

Alipofika mwisho akatazama juu nilipokuwa.

"Hiyo usiipeleke Inyonga," alisema.

Nikamwambia sitaipeleka. Sikuipeleka Inyonga, sikuipeleka Karema, na hapa pia siiandiki.